Maji ya Maman Nabintu

Murhula alinipigia simu mwezi uliopita, mimi nikiwa jikoni natwanga sombe, majani ya muhogo, akaniambia kwamba mama yake, Maman Nabintu, amefariki kule Nyangezi na kwamba ameacha neno: aoshwe na mimi. Si na binti zake wa kuzaa, si na wake za wanawe, ila na mimi, mtoto wa jirani. Nilimjibu nitafika. Nikazima simu nikaendelea kutwanga, maana sombe haiachwi nusu, na mdogo wangu Zawadi, aliyekuwa amekaa mlangoni, akauliza ni nani. Nilipomwambia, akavuta miguu yake ndani ya kitenge. "Yaya, unaenda kuosha ule mulozi? Na mikono yako?" Kwetu yaya ni dada mkubwa na mulozi ni mchawi, na Zawadi ni mtu wa kanisa, anaimba kwaya, ana diploma ukutani. Mwaka ule alikuwa mchanga, walimpeleka Nguba kwa shangazi na hakuona lolote. Anachokijua amekipata kwa wanawake wa mtaa, na wanawake wa mtaa wetu habari hawaisahihishi, wanaiongeza chumvi tu. Nilimwambia ndiyo, kwa mikono hii, na sabuni nitabeba mwenyewe. Nilikwenda, nikamwosha, nikampaka mafuta, nikamfunga kidevu. Tangu nirudi Zawadi ananisalimia kama mtu anayesalimia ofisi. Basi acha nieleze, kwa sababu tuliokuwa ndani ya ile depo, ghala la Nabintu, tumebaki wawili ninaowajua, na mwenzangu, Murhula, si mtu wa maneno mengi.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nchi ilikuwa bado Zaïre. Tulikaa Bukavu, Nyawera, nyuma ya soko, kwenye parseli, kiwanja kirefu kilichogawanywa katikati na uzio wa matete: upande wa barabara kwa Maman Nabintu, upande wa bonde kwetu. Upande wake ulikuwa na depo ya zamani ya kahawa, kuta za mawe, mlango wa chuma unaofunguka kwa kelele ambayo mtaa wote uliijua. Marehemu mume wake alinunua kahawa milimani. Yeye mjane alibakiwa na magunia ambayo bei yake ilimkatisha tamaa, na akawa anaishi kwa kuuza kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Sasa, mtu asiyetoka Bukavu hawezi kuelewa habari hii bila kujua jambo moja. Kwetu anayetoa kinywaji ndiye anaonja kwanza. Ukienda kwa mtu, hata kama ni katekista, chupa inafunguliwa mbele ya macho yako, na kikombe mwenyeji anakinywea kidogo ndipo anakupa. Hakuna anayeona ni tusi, ni namna ya kusema karibu. Sababu yake kila mtu anaijua na hakuna anayeitaja mezani: karuho, ile sumu ya polepole ambayo watu wanasema inaingia leo na kuua baada ya mvua mbili, au kesho, vile mwenye kuitoa anavyotaka. Maman Nabintu alionja kila kikombe alichouza, kutwa nzima, na ndiyo maana jua likianza kushuka alikuwa anaimba.

Mwanzoni mwa mwaka ule, Tonton Déo, mdogo wa baba yangu, alikunywa kwake kwenye sherehe ya ubatizo, na miezi kadhaa baadaye tumbo likaanza kuvimba, macho yakawa ya njano, akafa. Leo ningesema ini. Tonton alianza kunywa asubuhi kabla ya chai, hilo lilijulikana mpaka kwa mapadri. Lakini msibani mtu mmoja akauliza, "Alikunywea wapi?", na mwingine akajibu, na mama yangu akageuza kichwa kuelekea uzio. Ilitosha. Kuanzia siku hiyo hatukusalimiana na Maman Nabintu. Mama alimwaga majivu kando ya uzio. Kuku wao akivuka, alirudishwa kwa mawe. Kaka yangu Bahati, aliyekuwa na miaka ishirini na anasomea ualimu, alikatazwa kuongea na Murhula, mtoto wa Nabintu, ambaye walikuwa wanacheza mpira pamoja tangu wakiwa hawana viatu. Bahati alimwitikia Mama ndiyo, na jioni akawa anapita nyuma kwa njia ya choo kwenda kunywa kikombe kimoja kwa Nabintu, bure, kwa jina la urafiki. Mimi nilikuwa nalinda njia. Alikuwa mrefu, mwenye njaa ya kudumu, na alikuwa na kipaji cha kumwigiza kila mtu, hata askofu. Nikimfikiria sasa ninamsikia kabla sijamwona.

Kisha ikaja piyaje, ule uporaji. Watu wa umri wangu wanajua neno hili linavyoingia mwilini. Askari hawakuwa wamelipwa, na siku moja ya kiangazi wakatoka kambini na kuanza kujilipa. Walianza na maduka makubwa, wakaja kwenye maghala, wakaja kwenye nyumba za watu. Tulisikia mji unavunjwa: mabati, vioo, risasi, halafu kelele za furaha, na kwa hizo kelele za furaha ndipo nilipoziba masikio. Mbaya zaidi, walikuwa wamechukua katapila la kazi za barabara. Walilipanda wakiwa kumi na kitu, wamelewa, wamejifunga vitambaa vya dukani kichwani, na walilitumia kama ufunguo. Lilishusha jembe lake mbele ya mlango wowote na mlango ukaingia ndani pamoja na ukuta. Kwa fundi saa wa mtaa wa juu lilipita juu ya nyumba na yeye akiwa chini ya kitanda. Baada ya hapo hakuna aliyesema tena katapila. Watu walikimbia barabarani wakisema, "Yenyewe inakuya," na ulijua.

Papa ndiye aliyekwenda kwenye uzio. Nilikuwa nyuma yake nimebeba sufuria la maharagi, kwa sababu Mama alikuwa amekwishapanga yale ya kubeba bila kujua tunabeba kwenda wapi. "Maman Nabintu," akasema Papa, "tuko tunakufwa wote. Weye uko na mulango ya chuma. Siye tuko na chakula, na mikono ya kusukuma magunia. Tufungane pamoja."

Maman Nabintu alikuwa anafagia, naapa, anafagia uwanja wake huku mji unawaka. "Leo niko jirani?" akasema. "Jana nilikuwa mulozi."

"Jana hakukukuwa askari," Papa akajibu.

Alitutazama mmoja mmoja, mpaka sufuria. Kisha akaegemeza ufagio ukutani na kusema, "Mupite. Lakini mutu asianze kunihubiria mu nyumba yangu." Mama alipita bila kumtazama usoni. Hivyo ndivyo tulivyoungana.

Ndani kulikuwa giza la kahawia na vumbi la kahawa linalokaa kooni. Tulisukuma magunia mpaka mlango ukafichwa, tukaacha pengo moja la kupita mtu kwa ubavu. Kulikuwa na mizani kubwa ya chuma, mkeka, dirisha dogo la nondo juu karibu na paa, na kwenye kona pipa la maji lenye kifuniko cha mbao na kikombe cha plastiki ya kijani juu yake. Na kulikuwa na mtu ambaye hatukumtegemea: Kaporali Lokwa, askari, mpangaji wa Nabintu, na bunduki yake magotini. Alikuwa ameugua malaria siku walipoanza, akalala, na alipoamka aliona kwamba akirudi kwa wenzake watamuuliza alikuwa wapi, na akirudi kwa wakubwa watamuuliza hivyo hivyo. Papa alimtaka atoe risasi ndani ya bunduki. Kaporali alicheka kwa Kilingala. Akapanda juu ya magunia chini ya dirisha, akasema kila mwanaume akae mahali ambapo yeye, Kaporali, anaona mikono yake. Kwa hiyo hesabu ya ndani ilikuwa hivi: sisi tulimwogopa Kaporali atafungulia wenzake mlango, Kaporali alituogopa tutamkata koo akilala, Murhula alimwogopa Papa, na Mama alimwogopa Nabintu kuliko askari wote wa Zaïre. Lile dude la nje, kwa muda, lilikuwa ni kelele tu.

Siku ya kwanza tulikula vizuri, na jambo hili linanichekesha mpaka leo, cheko lisilo na utamu. Mama alikuwa amebeba maharagi na makayabu, samaki wa chumvi, aliokaanga asubuhi. Akagawa. Maman Nabintu alipokea sahani yake na kula hapo hapo, bila kuuliza nani ameonja, bila kusubiri, na akalamba vidole. Mimi niliona ni heshima. Mama akaniinamia sikioni: "Umeona? Mwenye anachezeaka sumu haiogopaki." Yaani hata kutuamini kwake kuliandikwa kwenye kesi. Kisha Nabintu na Murhula wakaenda kwenye pipa, wakanywa, Kaporali akanywa, na sisi tukanywa kwenye bidon yetu, kidumu kidogo cha maji, ambacho kiliisha kabla hatujamaliza kutafuna.

Asubuhi iliyofuata makayabu yalianza kudai haki yake. Bati lilichemka, vumbi la kahawa lilikuwa limetufunga midomo, na nje risasi zilikuwa zimefika kwenye soko. Tuliwasikia wanawake wa mboga wakilia na mtu mmoja akiomba kwa Kifaransa, kwa adabu sana, mpaka akanyamaza katikati ya neno. Papa aliinuka kwenda kwenye pipa. Mama akamshika suruali. "Kama anataka tukunywe, aonje kwanza," akasema, kwa sauti ya kusikika.

Maman Nabintu alikuwa amekaa juu ya gunia, miguu haifiki chini. "Kila siku minaonjaka," akasema. "Minaonjea hata mulevi wa soko. Ungeniomba jana, ungeniomba vile jirani anaombaka, ningekuonjea. Lakini weye unaniomba kama juje mwenye anakataka kesi. Nikionja leo, mutasema alionja juu ya kujua dawa yake. Sionje. Mayi ni ile. Mwenye kiu akunywe."

"Umesikia anavyojibu?" Mama akamwuliza Papa.

"Anakukatalia juu ya kumuita mulozi," akasema Bahati, na hapo ndipo Mama alipofanya kile ambacho kwetu mama hafanyi kwa mchezo. Alishika titi lake la kushoto juu ya blauzi, akamwangalia mwanawe, akasema, "Bahati. Kama ulinyonya hapa, ile mayi usiikunywe. Ukiikunywa, haukunyonya." Hata Kaporali, mtu wa mbali, alielewa. Apizo la titi halina rufaa. Bahati alifungua mdomo kufanya mzaha, nikamwona anautafuta, akaukosa, akakaa chini.

Ningependa kusema kwamba mtu alisimama akaleta busara. Hakuna. Murhula alijaza kikombe cha kijani, akaja kukinywa mbele yetu, taratibu, macho kwa Mama, nusu kwa kutuonyesha na nusu kwa kutuchokoza. Mama akasema mtoto wa mulozi anakingwaka tangu tumboni. Murhula akakitupa kikombe, kikampiga Papa begani. Bahati akamrukia. Walianguka kwenye mizani, wakapigana kama watu waliokuwa wanajuana kila mahali panapouma, Murhula akimpiga goti na Bahati akimsaga uso kwenye sakafu ya kahawa, mpaka Kaporali akashuka na kuwagonga wote wawili kwa kitako cha bunduki, bila kuchagua. Damu ya pua ya Murhula ilidondoka kwenye kanga ya mama yake. "Endeleeni," akasema Kaporali. "Bale ba inje banawasikia. Banakuya sasa hivi." Papa alikuwa ameshika panga. Sijui alikusudia kulifanyia nini, na nadhani yeye pia hakujua.

Jua lilipofika juu, ulimi wangu ulikuwa umekuwa kitu cha mtu mwingine. Nje kulikuwa kumetulia kidogo. Katapila lilinguruma upande wa pili wa soko. Mama ndiye aliyesema. Nimelirudia hili miaka mingi na sipunguzi wala siongezi: Mama ndiye aliyesema, "Kuko bidon mu jikoni yetu. Imejaa. Niliiacha nyuma ya mulango." Alisema akitazama magoti yake. Jikoni yetu ilikuwa kule ng'ambo ya uzio, mwendo wa kuita mtu akaitika. Bahati akasimama, akafunga kamba za viatu. Maman Nabintu akasema, "Mutoto, acha. Kunywa hapa." Akasema tena, na safari hii akashuka juu ya gunia na kwenda kwenye pipa, akafunua kifuniko, akachota. Nafikiri alitaka kuonja. Nafikiri kiburi kilikuwa kimemwisha. Lakini Bahati alikuwa amekwishapenya kwenye pengo, akanikonyeza, na mlango wa chuma ukatoa ile kelele yake ambayo mtaa wote uliijua.

Kaporali, dirishani, ndiye aliyeona na kutueleza, kwa vipande. Amefika. Ameingia jikoni. Halafu akasema neno la Kilingala ambalo sitaliandika. Mngurumo ambao tulidhani uko ng'ambo ya soko ulikuwa umezunguka na unapanda kutoka bondeni. Nilipanda kwenye magunia, nikaingiza uso wangu kando ya bega lake. Katapila liliingia kwenye parseli yetu kama mtu anayeingia kwake. Jembe liliinua ukuta wa jikoni, bati likajikunja, na Bahati akatoka chini yake mbio, bidon mkononi. Hakuiacha. Askari mmoja aliyekaa juu ya tairi la mnyororo, mwenye kofia ya kike ya majani, alimpiga bila hata kusimama. Bahati akaanguka katikati ya uzio wa matete, mguu mmoja kwetu, mmoja kwa Nabintu, na maji yakaanza kutoka kwenye bidon.

Mama alikuwa mlangoni kabla sijapiga kelele. Kaporali aliruka chini, akaweka mtutu kwenye kifua cha Papa aliyekuwa anavuta gunia. "Hakuna mutu anafungula," akasema. "Anafungula, minamupiga. Juu ya mumoja tutakufwa wote?" Alikuwa na haki, hilo ndilo jambo baya. Mama alimkwaruza uso. Kaporali akamsukuma, Mama akaanguka. Mimi nilimng'ata mkono, ladha ya chumvi na mafuta ya bunduki, na akanirusha ukutani. Ndipo Murhula, mwenye pua iliyovimba kwa ngumi za Bahati, akachukua jiwe la mizani na kumpiga nalo Kaporali nyuma ya sikio. Kaporali alikaa chini, karibu kwa upole. Murhula akapenya, akatoka.

Alimvuta Bahati kwa kwapa, kinyumenyume, huku risasi zinachimba udongo. Moja ilichukua vidole vya mkono wake wa kushoto. Hakumwachia. Waliingia, tukasukuma magunia, na katapila likaja kwenye mlango. Nilidhani ndiyo siku yenyewe. Mlango ulivimba kwa ndani, bawaba moja ikaruka, jiwe la ukuta likaanguka juu ya mizani, na sote tuliegemeza migongo yetu kwenye yale magunia, Mama bega kwa bega na Nabintu, wanasukuma, wanapumua pamoja. Kaporali alijiburuta mpaka dirishani, damu shingoni, akapiga ukelele kwa Kilingala: "Depo oyo ezali ya biso!" Kwamba hii depo imekwishachukuliwa na kikosi chake. Hawakumwamini. Akampiga risasi dereva. Nilimwona yule mtu akiinama kwenye usukani kama anayesinzia, na katapila likaenda upande, likazama kwenye shimo la choo chetu, likazimika. Wenzake walitukana, wakapiga risasi ukutani mpaka wakachoka, kisha mtu akawaita kwenye duka la vitenge na wakaenda. Ndivyo tulivyookoka, kwa choo na vitenge.

Bahati alipigwa pajani. Kwa nje lilikuwa tundu dogo, unaweza kuliziba kwa kidole gumba. Kaporali aliona na uso wake ukabadilika. Akavua mkanda wa bunduki, akafunga juu ya jeraha, akakaza kwa mguu. Damu iliendelea, chini, ikaingia kwenye kahawa. "Niko na kiu," akasema Bahati. Maman Nabintu alileta kikombe. Akamtazama Mama, akanywa yeye, akameza ionekane, akamshika Bahati kichwa na kumnywesha. Mama hakumzuia. Bahati alikunywa chote, akaomba kingine, akanywa. Akajaribu kumwigiza askofu akibariki maji, na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka. Mchana haujaisha alikuwa amekufa, kichwa kwenye mapaja ya Nabintu kwa sababu Mama alikuwa ameshika miguu.

Piyaje iliisha kama ilivyoanza, bila mtu kutueleza. Kaporali alitoka alfajiri bila kuaga, na sijui alifika wapi. Tulimzika Bahati, tukakaa msibani kwenye uwanja wetu usio na jikoni, na lile katapila bado limezama nyuma yetu. Wanawake walikuja. Mtaa wote ulikuwa umeporwa, umepigwa, wengine wamefanyiwa mambo ambayo hawakuyasema hata kwa padri, na hakuna askari hata mmoja wa kumkamata shati. Walihitaji mtu. Mmoja akauliza alipigwa wapi, nikasema pajani. Akatikisa kichwa. "Mutu hafwaki na risasi ya mapaja," akasema. "Alikula nini?" Na mama yangu, aliyekuwa hajafungua mdomo tangu makaburini, akasema, "Alikunywa mayi kwa Nabintu."

Nilisimama mbele ya wote nikasema si kweli, alitoka damu mpaka akaisha, niliiona. Nikasema alikwenda nje kwa sababu alikatazwa kunywa ndani. Mama alinipiga kofi, kisha lingine, kisha kwa kiatu, na hakuna aliyemshika. Nilivuka uzio nikiwa na damu mdomoni. Maman Nabintu alikuwa anamfunga Murhula mkono. Nilikwenda kwenye pipa, nikachota mwenyewe, nikanywa mpaka tumbo likauma, nikalala humo depo kwenye mkeka.

Walikuja kesho yake baada ya chakula, wakitoka moja kwa moja kwenye msiba, vijana mbele, wanawake nyuma, wakiimba wimbo wa kanisa. Mawe yalianza kwenye bati. Mlango ulikuwa na bawaba moja tu, kwa hiyo tuliurudia ule ule mchezo: magunia, mabega, miguu kwenye sakafu iliyokuwa bado nyeusi kwa damu ya Bahati. Murhula alisukuma kwa mkono mmoja. Maman Nabintu alisali kwa Kimashi, na katikati ya sala alikuwa ananiambia, "Toka, mutoto. Weye batakuacha." Jiwe liliingia dirishani likampasua paji la uso. Nje walikuwa wamefyonza mafuta kwenye katapila, nilisikia harufu yake, na yenyewe yakapita chini ya mlango, yakalowesha magunia ya mbele. Na nikasikia mtu anawaambia wengine wasogee, yeye ndiye mwenye maiti, yeye ndiye atawasha. Ilikuwa sauti ya mama yangu.

"Mama," nikasema. "Niko ndani."

Wimbo ulikatika upande wa mbele, nyuma wakaendelea kidogo kisha nao wakanyamaza. "Mapendo?" akasema. Walikuwa wamemwambia nimekwenda Nguba kwa shangazi. "Unafanya nini humo?"

"Nimelala huku. Kama unawasha, washa."

Kisha sauti yake ilikuja ikiwa chini, karibu na bawaba, kama amepiga magoti. "Ulikula huku?"

"Nilikula."

"Na ile mayi ya mu pipa. Ulikunywa?"

"Nilikunywa tangu jana, Mama. Nilikunywa sana."

"Na uko muzima?"

"Niko muzima."

Maman Nabintu alikuwa ameacha kusali. Nje mtu alimwambia Mama atoke pale, awaachie wao. Mpaka anakufa hakulirudia tena lile neno la msibani, wala hakulifuta mbele ya watu, na ndiyo maana Zawadi ananisalimia kama ofisi. Lakini mimi nilikuwa nyuma ya mlango, sikio kwenye chuma, na nilimsikia.

"Basi angekunywa," akasema. "Bahati angekunywa."

Kisha akaanza kulia, kilio ambacho hakukilia makaburini, na watu wakasikika wakiondoka mmoja mmoja.